Kibanda Mlichonijengea Ng'ambo

Dar es Salaam, wodini,
Jumanne mchana.

Baba Fausta, mume wangu,

Kabla hujakaa vizuri, mfikishie Mama shikamoo yangu. Mwambie mkwe wake bado anakula, anapumua na anagombana na watu, kwa hiyo asiwe na shaka. Mmeamkaje huko? Goti la Mama linasemaje? Tekla ameacha kukohoa? Na mpunga, ule ulionusurika na mafuriko ya Elnino, mmeanza kuvuna au bado mnapigana na ndege? Huku mchele nauona dukani tu, tena wanauita wa Kilombero, ila ukiutazama unajua kabisa kwamba haujawahi kuiona Ifakara.

Barua yako imeletwa na katekista aliyekuja huku kwenye semina. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Nilipoirudia nikanyamaza mpaka jirani yangu wa kitanda, Bi Zuhura wa Kilwa, akaniuliza kama kuna msiba. Umeandika kwamba mmenijengea kibanda kizuri ng'ambo ya mto, kwenye shamba la mpunga, kimekandikwa udongo mpya na kuezekwa nyasi mpya. Kwamba nikirudi nitapumzika huko, nitafukuza ndege taratibu, na nimewekewa sufuria zangu, sahani yangu na ndoo yangu.

Baba Fausta, tangu unioe hujawahi kunijengea hata banda la bata bila mimi kupiga kelele msimu mzima. Sasa nimeugua, umenijengea nyumba na ndoo juu yake. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nakujua. Kufukuza ndege ni kazi ya mtu mwenye sauti na miguu, si ya mtu anayetoka hospitali. Kama mlitaka nipumzike, kitanda changu kiko nyumbani, na kina kile kigodoro tulichokinunua pamoja. Mnaogopa. Ungeandika hivyo tu.

Sasa naomba barua hii uisome kwa sauti, Mama akiwepo, mdogo wako Leo akiwepo, na Fausta wetu akiwepo, maana ameshakuwa mwanamke na mengine yanamhusu. Nitaeleza yote polepole tangu mwanzo. Habari zilizofika huko zilibebwa na Leo. Leo ni shemeji yangu na nampenda, lakini habari akiibeba yeye inafika ikiwa imenenepa.

Mwanzo mnaujua, ila nauandika kwa sababu naona watu wameshaanza kuusahau. Ile damu iliyokuwa inanitoka bila mpango nilidhani ni umri. Ulipoona nimeshindwa kubeba ndoo ya pili ndipo ukanipakia kwenye baiskeli ukanipeleka hospitali pale mjini. Wakanipima, wakakata kinyama kidogo wakakipeleka kuchunguzwa, wakanipiga na picha ya kifua. Jibu liliporudi likasema ni saratani ya shingo ya kizazi. Siyo ule ugonjwa wa siku hizi ambao majirani wamenipa bila kunipima. Damu yangu ilipimwa na huo pia, na sina. Hapo paza sauti kidogo, maana jirani yetu atakuwa anasikiliza dirishani.

Siku ile Mama aliniuliza, "Wameshakupiga picha, mbona huponi?" Sikumcheka, kwa sababu na mimi nilitoka kwenye chumba cha picha nikijisikia nafuu kifuani, na kifua chenyewe hakikuwa kinaniuma. Ndivyo tulivyo huko kwetu. Mtu akipigwa eksirei anatembea na lile karatasi jeusi mtaa mzima, anakwambia nimeshapigwa, sasa nasubiri kupona. Wapo waliolibandika dirishani. Huku nimefundishwa kwamba picha ni macho ya daktari tu. Mionzi inapita mwilini mara moja, kidogo sana, ili mifupa na mapafu yaonekane. Inatazama, haitibu. Ikiwa kuna sababu, kidogo kile hakina neno, lakini si kitu cha kuombaomba kila ukipita karibu na hospitali. Kwa hiyo Mama, kwa heshima zote, goti lako limeshapigwa picha, likaonekana limechoka. Likipigwa tena litaonekana limechoka vilevile. Mwambie daktari akupe dawa ya maumivu, na upunguze kupiga magoti kwenye majaruba.

Na wewe Fausta, siku yoyote ukiambiwa upande kitandani upigwe picha, na unajua au unashuku kwamba una mimba, sema kabla hawajawasha. Usione aibu, hata kama baba yako yuko pale. Mtoto aliye tumboni ni mchanga mno kwa mambo haya. Mimi waliniuliza pale Ifakara, nikakasirika nikidhani wananichunguza tabia. Walikuwa wananilinda.

Sasa mionzi ya huku ni ya ukoo ule ule, ila ni mingi na imetumwa kazi nyingine. Inaelekezwa mahali pamoja, pale penye ugonjwa, ili iuue. Siku ya kwanza walinilaza wakanichora tumboni na mapajani kwa wino wa zambarau, mistari na misalaba, kama fundi anayepima msingi wa nyumba. Wodini tunaiita ramani. Nikaambiwa nisiisugue, nisiipake sabuni wala mafuta, kwa sababu mashine inafuata mistari ile. Unajua mimi na kuoga. Nilikuwa naoga vipande vipande, kitambaa kinazunguka ramani kama mtu anayedeki chumba chenye mgonjwa aliyelala. Bi Zuhura yeye hakuvumilia. Kwao mwanamke asiyejipaka mafuta ya nazi anaonekana ametupwa na watu. Akajipaka kwa siri, ngozi ikamchubuka pale penye mistari, ikawa kidonda, wakamsimamishia matibabu mpaka kipone. Alilia kama mtoto, na mimi nikamgombeza, kisha nikalia naye.

Mashine yenyewe haiumi. Unalala, unaambiwa usitikisike, kitu kikubwa kinakutazama kutoka juu, kinanguruma kidogo, kisha unaambiwa inuka. Kilichoniudhi ni kwamba mtaalamu anayeiwasha alikuwa anatoka nje mbio na kufunga mlango mzito kama wa ghala. Siku moja nikamuuliza, "Baba, kama ni kitu kizuri, mbona wewe unakimbia?"

Hakukasirika. Alisema, "Mama, wewe unapata hii kwa sababu una ugonjwa wa kuuliwa. Mimi sina. Nikisimama na wewe leo, na mwingine baada yako, na wa kesho na wa keshokutwa, nitaishia kulala kwenye kitanda hicho hicho."

"Kwa hiyo inaua?"

"Inaua. Ndiyo maana tunachora."

Jibu hilo liliniingia. Tangu siku hiyo nilikuwa natulia kama jiwe akiondoka, na nilikuwa sijisikii vibaya mlango ukifungwa.

Dawa hii si ya bure, nawaambia ukweli. Nimeharisha mpaka nikawa naijua kila kona ya njia ya chooni. Nimechoka uchovu ambao haufanani na wa kulima, ni uchovu wa ndani ya mifupa, unaamka nao. Ngozi ya tumboni imekuwa nyeusi kuliko mimi mwenyewe, na mimi mnanijua. Na kizazi changu kimefungwa, Baba Fausta. Daktari alinieleza mapema, akaniuliza nina watoto wangapi, nikamtajia. Akasema basi, hao ndio. Mwenyewe nilikuwa nimeshasema kwamba Tekla ndiye wa mwisho, unakumbuka, lakini kufunga mlango wako mwenyewe ni tofauti na kufungiwa. Siku hiyo sikula. Nilikaa nje kwenye benchi nikakulilia wewe, nikamlilia yule wa kiume ambaye hatukumpata, ambaye Mama alikuwa anamtaja kila Krismasi. Sasa nimenyamaza. Niliona heri nimwambie Mama mwenyewe, kwa barua hii, kuliko alisikie kwa watu.

Sasa nafika kwa Leo.

Baada ya mashine kubwa kumaliza zamu yake, waliniingiza chumba cha peke yangu. Humo waliniwekea ndani ya mwili, kule kule penye ugonjwa, vijiti vidogo vyenye mionzi, nikawa nalala navyo. Siruhusiwi kujigeuza. Mlangoni pana alama ya manjano yenye mapanga matatu meusi kama feni. Nesi akija anasimama nyuma ya ngao ndefu yenye magurudumu iliyotengenezwa kwa risasi, ile ile ambayo wavuvi wetu wanaifunga kwenye nyavu ili zizame. Ananipa maji, ananiuliza hali, anaondoka haraka. Kwa muda ule, nasema wazi, nilikuwa mtu wa kuogopwa. Vile vijiti vilikuwa vinatoa mionzi, na mimi ndiye niliyekuwa nyumba yao. Hakuna aliyetakiwa kukaa karibu yangu bila kazi.

Na Leo, katika siku zote za mwaka, akachagua siku hiyo kuja kunitazama, na mzigo wa mchele mliomtuma.

Nilimsikia tangu koridoni, maana sauti yake haina breki. "Namtafuta shemeji yangu, mama mmoja wa Ifakara, anaitwa Gaudensia."

"Yupo," nesi akajibu, "lakini leo haonekani. Ana mionzi ndani. Rudi nyuma ya huo mstari, kijana. Umeshazaa?"

"Bado."

"Basi rudi nyuma zaidi."

Nikapaza sauti, "Leo! Mchele uache hapo hapo!"

"Shemeji! Uko hai?"

"Niko hai, ila nimelazwa kama gogo!"

"Basi nitakusalimia watu wa nyumbani!"

Nikasikia kandambili zake zinavyoshuka ngazi. Nesi alimwita, akamwambia arudi keshokutwa ataniona nimekaa nje najianika juani, lakini Leo alikuwa na treni yake. Simlaumu. Nesi alisema kweli ya siku ile, na Leo akaisafirisha mpaka Ifakara akidhani ni kweli ya siku zote. Nadhani hapo ndipo kibanda changu kilipoanza kujengwa, akiwa bado ndani ya behewa.

Ninachotaka mkijue ni kilichotokea baada ya Leo kuondoka. Walikuja kunitoa vile vijiti, nesi yule yule na mtaalamu wa kupima. Mtaalamu alikuwa na kimashine kidogo chenye mkono kama pasi. Vijiti vilipotoka vikatiwa kwenye kopo zito la risasi, na kabla kifuniko hakijafungwa kimashine kilipiga kelele kama bisi kwenye sufuria. Kifuniko kikafungwa, bisi zikaisha. Kisha akakileta kwangu, akakipitisha kichwani, kifuani, tumboni, mpaka miguuni.

Kikalia tik. Kikakaa. Tik nyingine.

Nikasema, "Bado nalia! Mmesahau kimoja ndani!"

Yule baba akacheka kidogo. Akakipeleka ukutani. Tik, kikakaa, tik. Akakiweka kifuani kwake mwenyewe, kikalia vilevile. Mimi sikuridhika, nikamwambia apime na ule mzigo pale kwenye meza ambao shemeji yangu ameuleta. Nesi akaufungua, ulikuwa mchele wetu na kambale wa kukausha. Akakiweka juu ya mchele. Tik, kikakaa, tik.

Hata mchele wa Ifakara unalia, Baba Fausta. Alinieleza kwamba udongo una mionzi kidogo, na mawe, na hewa, na miili yetu pia, tangu kuumbwa kwa dunia, na kwamba kidogo hicho hakimzuii mtu kuishi. Ile niliyopigwa na mashine ilipita ikafanya kazi yake ikaisha, kama jua linavyokuchoma mchana na usiku hutoi mwanga. Ile ya vijiti imeondoka na vijiti. "Wewe sasa umelingana na ukuta," akasema.

Sijawahi kufurahi kulinganishwa na ukuta. Nikamwambia anipime tena, na akanipima tena bila kununa. Jioni ile, niliporudishwa wodini, nesi aliyemfukuza Leo akatupikia mchele aliouleta Leo, akakaa juu ya kitanda changu, tukala sahani moja, mimi na yeye na Bi Zuhura, kwa mikono. Huyo ndiye aliyesema rudi nyuma zaidi. Ana watoto wadogo nyumbani kwake. Kama ningekuwa na kitu cha kuambukiza, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukijua.

Najua wazo la kibanda limetoka wapi, na najua halikutoka kwenye chuki. Mama aliwahi kunisimulia habari za shangazi yako Anjelina, aliyeugua ukoma miaka ile kabla watu hawajajua kwamba vidonge vinauponya. Alijengewa ng'ambo. Mama alikuwa bi harusi mgeni nyumbani hapo, na ndiye aliyekuwa anavuka kwa mtumbwi kumpelekea chakula. Anaweka bakuli juu ya kichuguu, anarudi nyuma, Anjelina anatoka kulichukua. Hakuna siku aliyomlaza njaa. Ndivyo alivyofundishwa kumpenda mgonjwa, na alimpenda kweli.

Lakini siku moja, tukipepeta, Mama aliniambia na jambo jingine, sijui kama nyinyi wanaume mliambiwa. Alisema Anjelina alipokufa alijaribu kuukumbuka uso wake, hakuweza. Aliukumbuka mkono tu, unaochukua bakuli.

Mama, nisamehe kama nimetoa nje neno la jikoni. Nimelitoa kwa sababu Tekla ni mdogo sana. Ameniona mara ya mwisho nikipanda treni huku analia. Mkimweka upande wa huku na mimi upande wa kule, mvua zikija na pantoni likisimama, atajua tu kwamba ng'ambo kuna mtu anayefukuza ndege. Sikuja huku kuchomwa tumbo langu ili niishi hivyo. Nimevumilia yote, wino na kuhara na kulala kama gogo, kwa sababu nilikuwa najiambia nikimaliza mtoto yule atalala mgongoni kwangu tena. Mkininyima hilo, mjue mmeninyima kitu ambacho saratani haikuninyima.

Msidhani kwamba nasema nimepona kabisa. Daktari hakusema hivyo. Amesema uvimbe umenywea vizuri, na kwamba nitakuwa narudi kuangaliwa. Huenda nikashinda nimelala baadhi ya siku. Magunia sibebi, na ndoo ya kichwani nitawaachia wenye shingo mpya. Kuna na mambo ya mimi na wewe ambayo nesi amenieleza vizuri bila kunificha, hayana hatari kwako hata kidogo, yanataka subira tu. Hayo hayasomwi kwa sauti. Kama umeshayasoma kwa sauti, ndiyo shauri yako.

Jambo jingine kabla sijasahau. Humu wodi ya pili yupo kijana mwenye ualbino, mkulima kama sisi, amekuja na kidonda cha shingoni kilichoanza kama chunusi. Daktari anasema kwa ngozi kama ile jua peke yake ni mionzi ya kutosha kuleta saratani. Nikamkumbuka Ditriki, mwanao wa ubatizo, tunavyomwacha ashinde shambani kichwa wazi akitupa mawe kwa kwelea, tukimsifu kwamba ni hodari. Nimemnunulia kofia yenye ukingo mpana. Mashati yawe ya mikono mirefu, na mchana akae kivulini. Kama mna haraka ya kumpa mtu kile kibanda, mpeni Ditriki afukuzie ndege akiwa ndani. Yeye kitamsaidia kweli.

Nisalimie watu. Msalimie Mama tena, na umwambie nimemchagulia kanga yenye maneno ambayo hatayapenda lakini rangi ataipenda. Msalimie Leo, mwambie kambale wake walikuwa watamu na wala sijamkasirikia, ila akija tena hospitali asubiri mwisho wa sentensi. Fausta asimamie bata, nasikia wamepungua na hakuna aliyeniandikia sababu. Mama mkubwa wa kwaya akiuliza kama nitaimba tena, mwambie sauti bado ipo. Mama wa ubatizo wa Tekla, ambaye amekuwa akimwogesha siku zote hizi, mpe mkono wangu wa shukrani, na baba yake Ditriki pia. Na yule jirani wa dirishani, msalimie kwa jina lake, kwa sauti.

Nitaondoka huku na treni ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nakueleza hili mwishoni ili uwe umeshasikia mengine yote. Tiketi niliyokata si ya Ifakara, ni ya Mlimba. Nimemwandikia kaka yangu wa Mlimba naye amejibu kwa maneno machache, kwamba nyumba yake ina mlango mmoja na watu wote wanapitia hapo. Sikutishi, mume wangu, na sijakuacha. Wewe ndiye uliyenibeba kwenye baiskeli, sijasahau. Lakini ng'ambo siendi.

Ifakara treni inasimama muda wa kushusha magunia. Nitakuwa nimekaa dirisha la upande wa stesheni, na mzigo wangu nitakuwa nimeupakata, haujapakiwa juu. Usinipungie mkono, wala usinieleze kitu. Mnyanyue Tekla umpitishe dirishani. Nikishamshika, nitashuka naye.

Ni mimi mkeo,
Gaudensia, Mama Fausta.